Ngazi za Chancellor House

Asubuhi ya siku ya kazi, katika miaka ya 1950, mawakili wawili walikuwa wakifika kwenye jengo dogo liitwalo Chancellor House, mjini Johannesburg, Afrika Kusini, na kabla ya kuketi mezani walilazimika kupenya. Ngazi zimejaa watu. Ukumbi umejaa. Chumba cha kusubiri ndiyo usiseme. Wote hao ni wateja, na wengine wamesafiri kutoka mashambani. Mawakili wenyewe ni Nelson Mandela na Oliver Tambo. Walianza kufanya kazi pamoja mwaka 1952, na ng’ambo ya barabara ilikuwa mahakama ya mahakimu.

Mandela ninyi wajukuu zangu mmemzoea kwenye picha, mzee mwenye mvi, rais wa nchi. Leo nataka mumwone kijana, amevaa suti, faili mkononi. Tambo alikuwa mwalimu wa hisabati na sayansi kabla ya kuingia katika sheria. Walifahamiana wakisoma Chuo cha Fort Hare. Siku zile, ili uwe wakili ilibidi kwanza ufanye kazi ya karani chini ya wakili mwingine, ukijifunza kazi kwa vitendo, na Weupe waliokubali kumfundisha Mwafrika walikuwa wachache mno. Mandela alipokewa na kampuni ya Witkin, Sidelsky na Eidelman, baada ya rafiki yake Walter Sisulu kumpeleka huko.

Sasa, wakili hufanya nini hasa? Kwanza husikiliza. Mteja anaeleza yaliyomkuta, wakili anaandika, anafungua faili, kisha anauliza: umeshtakiwa kwa sheria ipi, kifungu gani? Mwenye kushtaki ndiye anayepaswa kuthibitisha, na wakili yupo ili mzigo huo usihamishiwe kimyakimya kwa mtu asiyejua kujitetea.

Na pale Johannesburg makosa yalikuwa ya ajabu. Mwafrika akipita mlango wa Weupe, kosa. Akipanda basi la Weupe, kosa. Akikutwa barabarani usiku saa tano imepita, kosa. Ilimpasa kutembea na pasi yake kila aendako, kama babu zetu wa Kenya na kile kipande chao cha shingoni, na sahihi moja tu ikikosekana, anatiwa ndani. Kutokuwa na kazi kulikuwa kosa, na kufanya kazi mahali pasipotakiwa kulikuwa kosa pia. Wazee walikuja wakisema wamefukuzwa katika ardhi waliyolima tangu enzi za babu zao. Vikongwe waliopika pombe ya kienyeji wapate chochote cha kulisha nyumba walikabiliwa na jela au faini wasiyoiweza.

Kesi moja ilimhusu mtumishi wa nyumbani aliyeshtakiwa kumwibia bibi mwajiri wake nguo. Nguo zenyewe zilipangwa juu ya meza mahakamani kama ushahidi. Mandela aliinua nguo moja ya ndani kwa ncha ya kalamu, akamgeukia yule bibi, akamuuliza kama ni yake. Bibi akaona haya, akasema si yake. Basi, kesi ikatupwa! Mnacheka, lakini fikirini huyo mtumishi angesimama pale peke yake.

Nyingine hadi leo inaniuma. Mwanamume aliyeorodheshwa kuwa chotara alikwenda kuipigania Afrika Kusini katika vita vya Afrika Kaskazini na Italia. Aliporudi, ofisa mmoja akambadilisha kwenye daftari, akamwandika Mwafrika. Kwa kalamu hiyo moja angeweza kupoteza haki ya kuishi na kufanya kazi alikozoea. Mandela alikata rufaa. Hakimu akamwambia yule mtu ageuke, ampe mgongo, akayatazama mabega yake. Yameinama! Akaridhika kuwa ni chotara, shauri likaisha. Mtu alirudishiwa maisha yake kwa mteremko wa mabega.

Serikali haikuipenda ofisi ya Mandela na Tambo. Sheria ya mwaka 1950 iligawa miji kwa rangi, na kibali cha muda cha kukaa katikati ya mji kilipokwisha, walikataliwa kipya. Waliambiwa wahamie kitongoji cha Waafrika, mbali na mahakama na mbali na wateja. Hawakuhama. Mwaka 1954 Chama cha Mawakili cha Transvaal kilitaka Mandela afutwe katika orodha ya mawakili kwa sababu alikuwa amehukumiwa katika kampeni ya kupinga sheria za ubaguzi. Jaji Ramsbottom alikataa.

Mwezi Desemba 1956 watu 156 walikamatwa kwa madai ya uhaini, Mandela na Tambo wakiwamo. Wakili anayeshinda kizimbani yeye mwenyewe atawatetea wengine saa ngapi? Ofisi ikadhoofika. Machi 1960, baada ya polisi kuwaua watu 69 Sharpeville, Tambo alitumwa nje ya nchi kuendeleza harakati.  Mandela aliwekwa kizuizini Pretoria, na mwisho wa juma alikuwa akipelekwa Johannesburg chini ya ulinzi kumalizia mafaili na kufunga ofisi.

Alipoachiwa, kesi ya uhaini ikiwa bado inaendelea, alihamishia kazi katika nyumba ndogo ya Ahmed Kathrada, mshtakiwa mwenzake, katika jengo la Kholvad House. Wateja wakamfuata huko huko, wakajaa sebuleni na chumbani, hata mwenye nyumba akabakiwa na jiko tu.