Kuku wa Kupaka Kati ya Magharibi na Isha

Zamani, mtu aliyepita katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya Alasiri, hakuhitaji kuambiwa kwamba chakula cha usiku kimeanza kushughulikiwa. Alisikia mbuzi zikilia majumbani. Si wale wa kufugwa, bali zile za kukunia nazi. Nyumba hii ikinyamaza, ile ya pili inaanza, na harufu ya thomu ikitangulia mlangoni kabla ya mwenye nyumba.

Siku hizi mlio huo umekuwa adimu. Si kwamba watu hawali. Wanakula, lakini kila mmoja kwa saa yake, na aghalabu kutoka katika karatasi iliyolowa mafuta. Baba yuko kazini, mama naye yuko kazini, na wote wawili huenda wakakutana katika foleni ya feri ya Likoni wala wasionane. Wafikapo nyumbani miguu imevimba, na neno lililo jepesi kulisema ni hili: "Kila mtu na ajinunulie chake."

Msomaji mpenzi, sisemi haya kwa kumlaumu jirani. Anayetaka kufagia na aanzie uani kwake. Mke wangu ni mwalimu, hurejea saa kumi na moja na mzigo wa madaftari ya kusahihisha. Mwanangu wa kiume anafanya kazi za zamu bandarini. Binti yangu yuko chuoni. Nami kazi yangu ni kalamu, nayo haina saa ya kufunga. Basi kwa muda wa miezi kadha, mpishi mkuu wa nyumba yetu alikuwa kijana mmoja auzaye chipsi pale kona.

Aliyeumia alikuwa mama yangu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 80. Kila jioni huketi juu ya jamvi kama alivyozoea, akangoja. Akiwekewa sahani yake peke yake, husema, "Sina ndaa." Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu akanywa chai na kipande cha mkate, akalala. Nikaingiwa na hofu, nikataka kumpeleka hospitali. Akanitazama, akaniambia: "Mimi si muwele, mwanangu. Tangu kuzawa kwangu siyapata kula pekeyangu kama paka."

Neno lile lilinichoma. Nimetunga mashairi mangapi ya kuwasifu wazee na mila zetu, na huku mamangu mwenyewe analala na njaa kwa kukosa wa kula naye!

HATUNA WAKATI?

Udhuru wetu sote ni kwamba hatuna wakati. Nikakaa nikauhesabu huo wakati. Hapa petu, kwa kuwa tu karibu na ikweta, muda ulio baina ya Magharibi na Isha haubadiliki sana mwaka mzima: ni kiasi cha saa moja na dakika kumi. Ndio muda tunaoupoteza kila mtu akiwa na simu yake mkononi. Nikajiuliza, ni chakula gani chenye heshima kiwezacho kupikwa katika muda huo? Jawabu lilikuwa chini ya pua yangu: kuku wa kupaka.

Jina lake limejieleza. Ni kuku aliyeokwa juu ya makaa, kisha akapakwa tui lililoungwa. Watu wa mwambao wetu wanamjua, kutoka Lamu mpaka Vanga, na hata jamaa wenye asili ya Kihindi waliohama Afrika Mashariki kwenda Uingereza na Canada wamekwenda naye; huko wanamwita "kuku paka", wakiacha ile "wa" njiani. Wala kuku si kitu cha kudharauliwa na mwenye dini, kwani imepokewa kwa Abu Musa Al-Ash'ari, katika Sahihi ya Bukhari, kwamba alimwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akila nyama yake.

MATAYARISHO YA ASUBUHI

Siri ya pishi la haraka ni kuligawa. Fungu la kwanza hufanywa asubuhi, baada ya Alfajiri, nalo halipiti robo saa.

Chukua kuku wa gredi mmoja wa kilo moja na robo hivi, aliyechinjwa na mtu unayemjua kuwa anasoma Bismillahi. Kuku wa kienyeji ni mtamu zaidi, hilo sikatai, lakini nyama yake ni ngumu, yataka ichemshwe kwanza kwa muda mrefu. Huyo mwekee siku ya mapumziko. Wa gredi huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu, na nyama yake huiva upesi. Mkate vipande vinane, mvue ngozi, umchanje kwa kisu ili viungo vipenye. Twanga punje sita za thomu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, pilipili mbichi mbili na kijiko cha chai cha chumvi. Mpake vizuri, mfunike, mtie ndani ya friji. Ndimu usitie bado, kwa maana ikikaa na nyama mchana kutwa huifanya kavu.

Asiye na friji asimwache kuku nje kwa joto letu hili, atajitafutia maradhi. Huyo na atwange viungo vyake asubuhi, kuku amnunue akirejea kazini. Nusu saa ya kukaa na viungo yatosha.

BAADA YA SALAMU

Seredani huwashwa mapema kidogo, kabla ya adhana ya Magharibi, ili mtu akitoka kuswali ayakute makaa yameshika jivu jeupe. Iwekwe uani au kibarazani; ndani ya chumba kilichofungwa hewa ya makaa huua. Kamulia kuku ndimu moja, umpange juu ya wavu, umgeuze mara kwa mara. Kwa muda wa dakika 25 hadi 30 huwa ameiva. Dunga paja penye mfupa: maji yakitoka meupe, tayari, yakiwa na wekundu, bado. Wala usimrudishe katika sahani ile ile aliyokaa akiwa mbichi.

Wakati huo huo mwingine yuko juu ya mbuzi. Nazi mbili zatosha. Kamua kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, upate tui zito, uliweke kando. Kamua tena machicha kwa vikombe viwili, upate tui jepesi. Mwenye haraka zaidi hukata nazi vipande akaisaga kwa blenda, kisha akachuja, na wala hajatenda dhambi.

Tui jepesi litie katika sufuria pamoja na nyanya tatu zilizosagwa, nusu kijiko cha manjano, thomu kidogo na chumvi. Liache lichemke dakika kumi, lipungue. Kisha punguza moto, mimina tui zito, na hapo mwiko usisimame. Usilifunike, wala usiliache litokote kwa nguvu, kwa maana litakatika, mafuta mbali na maji mbali. Likishakuwa zito, epua, kamulia ndimu. Vipande vya kuku vichovye humo, uvirudishe juu ya makaa dakika mbili kila upande, uvipake tena, kisha uvimwagie tui lililosalia. Pembeni wali mweupe wa maji na chumvi wafaa, kwani tui la kuku latosha. Au mkate wa mofa ukipatikana.

MIKONO YA WANAUME

Hapa ndipo penye neno lenyewe. Pishi hili haliwi la haraka likiachiwa mtu mmoja. Mwanamke aliyetoka kazini, akikuna yeye, akioka yeye, akikoroga yeye, atamaliza saa tatu, na atakapoketi hatakuwa na hamu ya kula. Haraka ya namna hiyo ndiyo isiyokuwa na baraka. Mikono minne ikigawana, kazi ni ya saa moja.

Najua atakayesema kwamba jikoni si mahali pa mwanamume wa Kiislamu. Mbona katika arusi zetu pilau na biriani za masufuria makubwa hupikwa na wanaume, na kuwaita huwaita mafundi? Mbona mpishi wa jahazi alikuwa mwanamume, na wachoma mishkaki wa barabarani ni wanaume? Basi aibu huanzia wapi? Naona huanzia pale pasipo malipo wala sifa. Na Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika utumishi wa watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hadithi hiyo niliisoma chuoni ningali mtoto, nikaihifadhi. Kuitumia nimekuja kuitumia uzeeni.

Usiku wa kwanza nilioka mimi, mwanangu akakuna, binti yangu akashika mwiko. Mke wangu tulimwambia aketi na madaftari yake. Hakuamini, akawa kila dakika tano anachungulia. Mamangu alitoa kiti chake uani, akatusimamia kama nahodha. Nilipozidisha moto aliniambia, "Ondoa makaa mawili. Kuku huyu hayakukosea." Sikusikia, nikaunguza mapaja mawili. Kisha nikajitia ujuzi wa tui, nikaliacha likatokota, likakatika.

Tuliandaa hivyo hivyo, sinia moja, juu ya jamvi lile lile. Nilimtazama mamangu kwa jicho la pembeni. Alikula kipande cha kwanza, akaomba cha pili, akavunja na mfupa. Hakusema kitu juu ya tui. Alisema tu, "Alhamdulillahi," akanyoosha mikono anawishwe.

Wanavyuoni wamepokea, katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Masahaba walimlalamikia Mtume kuwa wanakula wala hawashibi, naye akawauliza kama huenda wanakula mbalimbali, akawaamrisha wakusanyike na wataje jina la Mwenyezi Mungu, watabarikiwa. Usiku ule niliyaona maana ya hadithi hiyo kwa macho yangu.

Simwambii mtu ale kuku kila siku. Mifuko yetu haiko sawa, na maharagwe ya nazi au papa wa kukaanga wanaweza kukusanya watu vile vile. Kwetu imekuwa siku mbili kwa juma. Zamu ikimweka mwanangu bandarini, fungu lake hutengwa, likafunikwa. Na ili vijana wasisahau mpango wa kazi, nimewatungia ubeti huu mmoja, ambao binti yangu ameubandika juu ya mlango wa friji:

Mkate kuku vipande, mpake thomu na ndimu,
Muoke kila upande, moto uwe na nidhamu,
Tui lako lisigande, ulikoroge kwa zamu,
Chakula hakina tamu, akila mtu pekeye.

Tui sasa halinikatikii, ila siku moja moja. Na jioni ya siku zetu mbili, baada ya Alasiri, mamangu huita kutoka kibarazani kwake: "Leo mbuzi ni zamu ya nani?"