Gari limegoma baada ya kazi ya fundi umeme? Usikimbilie betri mpya

Fundi kafunga redio au king'ora jana. Leo gari haliwaki na watoto wameshavaa sare. Mzazi awashe taa kubwa, kisha apige stata. Taa zikififia sana, betri imeisha chaji au vichwa vyake vimelegea. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Taa ziking'aa na stata ikiwa kimya, akague fyuzi, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, na gia ya otomatiki iwe P. Stata ikizunguka bila injini kuwaka, huenda king'ora kimekata umeme wa pampu ya mafuta. Fyuzi ikiungua tena, asiweke kubwa zaidi: waya unaweza kushika moto watoto wakiwa ndani. Amwite fundi yuleyule autafute waya aliougusa.