Kura Husema Nini Hasa?

Kila matokeo ya uchaguzi yanapotangazwa, mshindi hudai wananchi wamekubali sera zake zote, na wapinzani wake hudai wananchi wengi hawamtaki. Mara nyingi wote husoma takwimu zile zile.

Tuchukue uchaguzi wa urais nchini Kenya wa Desemba 1992. Daniel arap Moi wa chama cha KANU alipata takriban asilimia 36 ya kura, Kenneth Matiba 26, Mwai Kibaki 19 na Jaramogi Oginga Odinga 17. Sheria ilimtaka mshindi aongoze kwa kura na apate angalau robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Moi alitangazwa kutimiza yote mawili. Tukiweka kando malalamiko ya udanganyifu, je, Wakenya walimtaka Moi?

Wapinzani walijibu kwamba karibu theluthi mbili walimkataa. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haithibitishi kwamba theluthi mbili hizo zilimtaka mtu mmoja. Mpigakura aliweka alama moja tu. Hakuulizwa chaguo lake la pili. Si lazima kila aliyempigia Matiba angemkubali Odinga.

Mwaka 1785 Mfaransa Condorcet alionyesha kwamba hata tungeuliza zaidi, huenda tusipate jibu moja. Chukua wapigakura watatu. Wa kwanza anapanga wagombea A, B, C; wa pili B, C, A; wa tatu C, A, B. Ukiwapambanisha wawili wawili, A anamshinda B, B anamshinda C, na C anamshinda A, kila mara kwa kura mbili kwa moja. Kila mpigakura anajua anachotaka, ila wote kwa pamoja hawana chaguo moja.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliboresha mambo: mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo kuna duru ya pili. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Kwa kuwa takriban asilimia 65 ya waliojiandikisha ndio waliopiga kura, aliungwa mkono na kama theluthi moja ya wapigakura wote waliosajiliwa. Ushindi huo ulikuwa halali, na Mahakama ya Juu iliuthibitisha. Hata hivyo, haukueleza nani alivutiwa na mpango wake wa uchumi na nani alitaka tu kumzuia mpinzani wake, Raila Odinga.

Ndiyo maana Juni 2024 vijana walipojaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, kuwajibu kwa kura za 2022 kusingetosha. Kodi zilizopendekezwa katika muswada huo hazikuwa kwenye karatasi ya kura. Rais mwenyewe alikataa kuutia saini muswada huo.

Uchaguzi humpa mshindi mamlaka ya kuongoza, nasi tuyaheshimu. Idhini ya kila sera lazima aitafute upya, kupitia Bunge na ushirikishaji wa umma ambao Katiba inaudai.