Ng'ombe Yupi Atazamwe Kwanza?

Wakulima wengi wa Gatitu, na wenzao wa mashamba ya makazi upande wa Mweiga na Naro Moru, hufuga ng'ombe wawili au watatu wa gredi, na humo ndimo mlimo karo ya watoto na deni la duka. Mnyama akiugua, mwenyewe hutaka atibiwe saa ile ile, na ni haki yake kutaka. Lakini majira ya mvua, majani mapya yakisha chipua, simu tatu au nne huweza kuingia kabla ya saa tatu asubuhi, na Bwana Mifugo ni mmoja na pikipiki yake ni moja. Hana budi kuchagua. Nawe mkulima, wakiugua wawili katika boma moja, huna budi kuchagua pia kabla yeye hajafika.

Kuchagua huku kuna kanuni yake, na kanuni hiyo ilitoka vitani. Anayetajwa sana ni Dominique Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon wa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Yeye alitaka askari aliyeumia vibaya zaidi atazamwe kwanza, awe na cheo au asiwe nacho. Siku hizi hospitali za watu hufuata njia hiyo, na madaktari wa wanyama pia. Kwetu Nyeri kazi ya kuchambua si ngeni: kila mwenye kahawa hukaa kiwandani akitenga nyekundu huku na mbichi kule kabla hazijaingia mashineni. Tofauti ni kwamba kwa kahawa iliyo njema ndiyo hutangulia. Kwa wagonjwa hutangulia aliye karibu kufa, maadamu aweza kuokoka.

Basi utamjuaje? Watu wengi humkimbilia anayelia sana. Hilo si jambo la kufuata. Ng'ombe anayepiga kelele na kurusha mateke bado ana pumzi na nguvu. Yule aliyelala kimya kando, shingo ameikunja, masikio baridi, ndiye wa kuogopewa. Wala usimtangulize mwenye bei kubwa kwa sababu ya bei yake.

Tazama kwanza pumzi. Ng'ombe aliyetulia huvuta pumzi mara 30 hivi kwa dakika, au pungufu. Akinyoosha shingo, akafungua kinywa na kutoa ulimi ili apate hewa, hapo hakuna la kungoja. Kisha tazama damu. Inua mdomo wake, bonyeza ufizi kwa kidole, uachilie. Weupe ule hurudi kuwa na rangi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ukichelewa, au ufizi wote ukiwa mweupe kama karatasi, damu haizunguki vizuri. Halafu tazama kama ana fahamu: je, akuona? Ageuza sikio ukimwita? Mwisho mtie kipima joto nyuma. Ng'ombe mzima ana joto la kati ya digrii 38 na 39.3. Kipima joto ni cha bei ndogo, na ni ajabu kwamba nyumba nyingi zina redio mbili na hazina kimoja.

Kazi hii yote haimalizi dakika tano.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme Bwana Mifugo yuko Gatitu, kwenye boma la ng'ombe aliyezaa jana asubuhi na kondo la nyuma bado laning'inia. Mara simu yaingia kutoka Kiganjo: ndama ana uvimbe chini ya sikio na mbele ya bega, joto 40.5, lakini bado anakula kidogo. Yaingia nyingine kutoka Mweiga: ng'ombe aliyezaa jana jioni hawezi kusimama, kichwa amekigeuzia ubavuni, na masikio ni baridi. Mwenye ng'ombe wa Gatitu asema, "Mimi ndiye wa kwanza, naye yupo hapa hapa."

Wa Mweiga ndiye wa kwanza, ingawa ndiye wa mbali. Hiyo ni homa ya maziwa, jina lisilofaa, maana mwili hupoa badala ya kuwaka. Chokaa ya damu, yaani kalsiamu, imekwenda yote katika maziwa, na misuli imelegea; moyo nao ni msuli. Huwapata hasa wenye maziwa mengi waliozaa mara tatu au zaidi, kwa kawaida ndani ya siku tatu za kuzaa. Asipotibiwa aweza kufa siku ile ile. Akitiwa dawa ya kalsiamu mshipani, polepole, na mtu anayejua, mara nyingi husimama ndani ya saa chache. Wakati wa kungoja, mkalishe kifua kikiwa chini kwa kumwegemeza magunia ya majani, asilale ubavu. Wala usimnyweshe kitu chochote! Hawezi kumeza sawasawa, na uji utakwenda mapafuni.

Wa pili ni ndama wa Kiganjo. Hiyo yafanana sana na ndigana kali, iletwayo na kupe wa kahawia wa masikioni. Ndama huyu hatakufa saa hii, lakini dawa yake hufaa mapema. Mapafu yakisha jaa maji na povu likitoka puani, dawa haisaidii sana. Kwa hiyo ni wa leo, si wa kesho. Kondo la nyuma, ikiwa mama anakula na hana homa, laweza kungoja hata kesho. Lisivutwe kwa mkono wala kufungiwa jiwe, kama wazee wengine wafanyavyo, kwa maana kizazi huchanika.

Lakini ikiwa pale pale Gatitu ng'ombe wa jirani amekula lusina yenye umande na tumbo limemfura upande wa kushoto hata likapita uti wa mgongo, hata wa Mweiga atangoja. Tumbo likisukuma mapafu, kifo huja kwa dakika. Msimamishe, miguu ya mbele iwe mahali pa juu, na piga simu. Kutoboa ubavu ni kazi ya mwisho kabisa, nayo ina mahali pake na chombo chake. Katika fungu hili la haraka kuu watie pia anayevuja damu nyingi, ambaye hubanwa jeraha kwa kitambaa safi. Aliyetokwa na kizazi nje, ambacho hufunikwa kwa shuka safi iliyoloweshwa ili mbwa na kuku wasikifikie. Na anayesukuma tangu maji kupasuka, muda wa saa mbili umepita, na miguu ya ndama haionekani.

Liko fungu jingine ambalo watu hawapendi kulisikia. Mnyama aliyevunjika mfupa wa paja, au aliyekwisha poteza fahamu na pumzi zinamkatika, huenda akaachwa ili aokolewe mwingine. Bwana Mifugo akisema hivyo asidhaniwe kuwa hana huruma. Na aliyekufa ghafula, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani na nyuma, asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Yaweza kuwa kimeta, nacho huua watu. Wazuie watoto na mbwa, kisha toa habari siku ile ile kwa ofisi ya mifugo.

Sisi makarani tunaopokea simu husikia kila siku neno hili moja, "Ng'ombe wangu ni mgonjwa sana," na simu imekatwa. Kwa maneno hayo hatuwezi kumpanga popote. Sema mahali ulipo na njia ya kufika. Sema ni ng'ombe au ndama, alizaa lini, asimama au amelala. Sema pumzi zake, rangi ya ufizi, joto, alikula nini jana, na kama aliogeshwa dawa ya kupe. Kisha usiifunge simu, na mtu mmoja asimame barabarani na tochi.