Mstari wa Hifadhi Uulizwe Umetoka Wapi

Kijiji kinachopakana na pori kinaweza leo kuona mpaka wake na hifadhi bila kusubiri ramani ya ofisini. Kanzidata ya Dunia ya Maeneo Yaliyohifadhiwa, iliyoanzishwa mwaka 1981, inatunzwa na kituo cha Umoja wa Mataifa cha UNEP-WCMC kilichoko Cambridge, Uingereza, kwa ushirikiano na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Huhuishwa kila mwezi kwenye tovuti ya Protected Planet, na asiyefanya biashara huipakua bila malipo. Ili kuifungua yatosha QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni ya bure.

Uwazi huu ni neema kubwa. Lakini mstari unaong'aa kwenye kioo una nguvu kubwa ya kushawishi kuliko unavyostahili, na kila umbo lina jedwali nyuma yake ambalo wengi hawalifungui.

Tazama Selous, Tanzania. Pori hilo la akiba liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2019 kilomita za mraba 30,893 zilimegwa humo na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika pori la akiba uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa kibali. Katika hifadhi ya taifa, hapana. Mwenye faili la mwaka 2018 anasoma sheria isiyotumika tena katika eneo hilo. Na hata faili jipya lataka uangalifu, kwa kuwa ardhi moja yaweza kuwa na hadhi kadhaa: Serengeti ni hifadhi ya taifa, ni Urithi wa Dunia, tena imo katika hifadhi ya bayosfia. Anayejumlisha safu ya ukubwa bila kwanza kuyaunganisha maumbo yanayolaliana ataipa nchi hifadhi isizokuwa nazo.

Linalonisumbua zaidi ni mfumo wa vipimo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya simu hutumia WGS84. Viwianishi vilevile vikisomwa kwa mfumo usio wake huangukia takriban mita 300 kutoka mahali pake. Mtalii hatatambua. Lakini kwa familia inayolima mahindi kando ya kigingi, mita 300 ni shamba lote, na ndizo zinazoamua nani aitwe mvamizi. Kwa hiyo faili la mipaka likikufikia bila kile kijifaili cha .prj kinachotaja mfumo uliotumika, lirudishe kwa aliyekupa.

Tena, hifadhi nyingine zimo katika kanzidata hiyo kama nukta tu, bila mstari wa mpaka. Watafiti huzizungushia duara lenye ukubwa uliotajwa. Lafaa kwa hesabu za dunia, halifai hata kidogo kwa mgogoro wa ardhi.

Kwa Tanzania, mpaka wa kisheria wa hifadhi umo katika Tangazo la Serikali, ambalo huueleza kwa mito, vilele, barabara na viwianishi. Anayechora ramani ya kijiji aandike namba ya tangazo hilo pembeni mwa mstari, pamoja na mwezi wa toleo la data, ili mwenyekiti wa kijiji akienda kwa afisa ardhi wa wilaya wafungue waraka mmoja na kubishania maneno yaleyale.