Mende nyumbani: tuwaondoe bila kuwadhuru watoto



Akina mama wengi wametuuliza swali moja: tufanye nini na mende? Mmoja wao alitueleza kwamba alinunua dawa sokoni, ikiwa imemiminwa katika chupa ya soda isiyo na maandishi yoyote. Akanyunyiza jiko zima, hata ndani ya kabati la vyombo. Mende walipungua, lakini baada ya wiki chache wakarudi. Chupa ile, ikiwa na dawa nusu, ilibaki chini ya meza, mahali anapochezea mtoto wake wa miaka miwili. Bahati nzuri baba aliiona mapema.

Kisa hiki kinatufundisha mambo mawili. Kwanza, dawa peke yake haimalizi mende. Pili, dawa ikitumiwa ovyo inaweza kuleta msiba mkubwa kuliko mende wenyewe. Ndiyo maana mwezi huu tunapenda kuongea na familia zetu juu ya wadudu hawa.

TUWAFAHAMU KWANZA

Mende wanaotusumbua ni wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni yule mkubwa, mwenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, urefu wake karibu sentimeta 4. Hupenda vyoo vya shimo, makaro na mifereji ya maji machafu, na usiku huingia ndani kutafuta chakula. Wataalamu humwita mende wa Kimarekani, ingawa asili yake ni huku kwetu Afrika.

Wa pili ni mdogo, urefu wake kama sentimeta moja na nusu, na nyuma ya kichwa ana mistari miwili myeusi. Huyu huitwa mende wa Kijerumani, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2024 umeonyesha kwamba chimbuko lake ni Asia ya Kusini. Maisha yake yote huishi pamoja na binadamu: nyuma ya friji, ndani ya kabati, chini ya meza, hata ndani ya redio, kwa kuwa anapenda joto na giza.

Jike la mende mdogo hubeba mkiani kifuko chenye mayai 30 hadi 40. Penye joto, watoto hao huwa wakubwa na kuanza kuzaa baada ya miezi miwili au mitatu tu. Kifuko hicho kina ganda gumu ambalo dawa nyingi za kunyunyiza haziwezi kulipenya. Zaidi ya hayo, katika sehemu nyingi mende hawa wamekwisha kuzizoea dawa za kunyunyiza. Sasa tunaelewa kwa nini wale wa mama yule walirudi.

MADHARA YAO

Mende hana sumu ya kutuua. Ubaya wake uko katika matembezi yake: hutoka chooni, hupita jalalani, kisha hukanyaga mwiko, sahani na mkate. Miguuni na katika kinyesi chake huweza kubeba vijidudu vya kuhara, vya kuhara damu, na hata mayai ya minyoo. Si yeye peke yake anayeleta magonjwa hayo, kwani nzi na mikono isiyonawiwa wana sehemu yao, lakini naye huongeza hatari.

Kuna dhara jingine ambalo wengi hawalifahamu. Kinyesi cha mende na ngozi anazojivua hukauka na kuwa vumbi. Vumbi hilo huweza kuamsha pumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 juu ya watoto wenye pumu wanaoishi mijini ulionyesha kwamba wale waliodhuriwa na vumbi la mende, na ambao vyumba vyao vilikuwa nalo kwa wingi, walilazwa hospitali mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Hivyo, kama una mtoto anayebanwa na kifua usiku, angalia pia nyuma ya kabati na chini ya kitanda. Mahali hapo tufute kwa kitambaa kibichi, tusifagie kwa ufagio mkavu ukarusha vumbi.

TUFANYE NINI

1. Tuwanyime chakula. Vyombo visilale vichafu. Unga, sukari na mkate vikae katika ndoo au madebe yenye vifuniko. Taka zitolewe nje kabla ya kulala. Makombo chini ya jiko na mafuta yaliyoganda ukutani ni karamu kwao.

2. Tuwanyime maji. Mende huweza kukaa wiki kadhaa bila chakula, lakini bila maji hafiki mbali. Bomba linalovuja litengenezwe, beseni likaushwe, na ndoo za maji zifunikwe.

3. Tuzibe maficho. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mende, methali hii ni kweli kabisa. Mende mdogo hupita katika ufa mwembamba sana. Tuzibe nyufa kwa saruji, au hata kwa udongo uliokandwa vizuri. Tundu la choo cha shimo lifunikwe, na bomba la hewa liwekewe wavu. Maboksi na magunia kutoka dukani yakung'utwe nje kabla ya kuingizwa, kwani wengi huja nayo.

4. Tutege. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, paka mafuta ya mgando kwa ndani karibu na mdomo, weka kipande cha mkate, kisha iegemeze ukutani usiku. Mende huingia wakashindwa kutoka. Asubuhi wamwagie maji ya moto yenye sabuni. Mtego hauwamalizi wote, lakini hukuonyesha wamejificha upande gani.

5. Dawa iwe ya mwisho. Nunua dawa ya nyumbani tu, ikiwa katika chombo chake chenye maandishi, na uyafuate maandishi hayo. Dawa ya shambani isiingizwe ndani kamwe. Chaki ya kuua wadudu nayo ni hatari, kwani mtoto huiona kama chaki ya shule akaiweka mdomoni. Dawa ya chambo, inayowekwa kidogo kidogo katika nyufa, mara nyingi hufaa kuliko ya kunyunyiza. Usinyunyize dawa nyingine mahali penye chambo, mende watakikimbia.

Wengine hutumia asidi ya boriki, ambayo ni unga mweupe. Hunyunyizwa kidogo sana, kama vumbi, nyuma ya kabati mahali pakavu. Mende hukanyaga, hujilamba miguu, na kufa baada ya siku kadhaa. Lakini unga huo ni sumu kwa mtoto akiumeza, na unafanana na sukari. Usiuweke jikoni, wala mahali mtoto anapofika.

MTOTO AKINYWA DAWA

Usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ukidhani unamsaidia. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbize hospitali mara moja. Chukua na chombo cha dawa, ili mganga ajue ni sumu gani.

TUSHIRIKIANE NA JIRANI

Katika nyumba za kupanga, chumba kimoja kikisafishwa na vingine vikaachwa, mende huhama kwa muda tu. Ni vema wapangaji wakubaliane siku moja ya kutoa vyombo nje, kusugua na kuziba nyufa kwa pamoja. Jambo hili laweza kuzungumzwa hata katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Baada ya mwezi mmoja kazi irudiwe, kwa sababu ya wale waliokuwa bado katika mayai.

Usiku wa leo, saa mbili baada ya kuzima taa, ingia jikoni na tochi. Utakachokiona kitakuambia pa kuanzia kesho. Na kabla ya kulala, tazama chini ya meza kama hakuna chupa iliyosahauliwa.