Unauza saa ya thamani? Tanguliza usalama, bei itafuata

SAA ya mkononi inaenea kiganjani, lakini ikiwa imetengenezwa na kampuni kama Rolex, Omega au Patek Philippe, thamani yake inaweza kupita ya pawatila, na zipo zinazopita ya nyumba. Ndiyo maana kwa baadhi ya familia za mijini saa ya namna hiyo si pambo tu, bali pia ni akiba. Wapo walioipata kwa urithi, wapo waliopewa kama zawadi ya kustaafu, na wapo walioinunua walipokuwa wakifanya kazi Dubai, Muscat au Ulaya.

Siku mahitaji yanapobana, iwe ni ada za Januari, mtaji wa banda la kuku au mbegu na mbolea kabla ya mvua, mwenyewe huivua na kuitafutia mnunuzi. Hapo ndipo matatizo huanzia. Muuzaji wa aina hii hana duka, hana mlinzi na mara nyingi hajawahi kuuza kitu cha bei hiyo. Tapeli anayajua yote hayo, na anajua pia kwamba mwenye saa ana haraka.

Kwa kawaida hasara kubwa katika biashara hii haitokani na kuuza chini ya bei kwa asilimia chache. Hutokana na kutoa saa na kubaki bila fedha, au kupokea fedha zisizo na thamani. Kwa hiyo anayetaka kuuza inampasa ajiulize kwanza namna ya kuuza, kisha ndipo ajiulize bei.

Kwa nini mnunuzi husita

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alieleza kwamba mwenye gari anazijua kasoro zake, lakini mnunuzi hazijui. Kwa kuwa hazijui, mnunuzi huogopa kutoa bei ya gari zima, kwani huenda akapewa bovu. Wenye magari mazuri wakiona bei hiyo hawaridhiki, huondoka sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Mchango wake huo ulimwezesha kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Katika saa za kifahari tatizo hilo ni kubwa zaidi. Saa za bandia siku hizi hutengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba hata fundi mzoefu hulazimika kufungua mfuniko wa nyuma na kutazama mashine ndipo aseme neno. Aidha, mnunuzi anaogopa saa ya wizi, kwa sababu kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na mwenye mali akijitokeza saa inaweza kuchukuliwa.

Wafugaji wanaifahamu hali hii vizuri. Ng'ombe akifikishwa mnada wa Pugu bila kibali cha kusafirisha mifugo, mnunuzi makini hujitenga naye hata kama amenona. Kwa maneno mengine, karatasi ni sehemu ya bei. Kila shaka ambayo muuzaji ataiondoa kwa ushahidi ni fedha anayojiongezea, na kila shaka anayoiacha huwa ni punguzo analompa mnunuzi.

Andaa ushahidi mapema

Kitu cha kwanza ni namba ya saa. Kwa saa za Rolex za zamani, namba hiyo imechongwa ubavuni, kati ya pembe zinazoshika mkanda, upande wa tarakimu 6. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kampuni hiyo ilianza kuichonga pia kwenye ukingo wa ndani, chini ya kioo. Namba iliyo kwenye saa lazima ilingane na iliyo kwenye kadi ya dhamana. Zikitofautiana, mnunuzi ana haki ya kuondoka.

Pili, tafuta boksi, kadi ya dhamana, risiti ya dukani, risiti za fundi na pingili za mkanda zilizotolewa wakati saa inapunguzwa ili imkae mwenyewe. Watu wengi huzitupa pingili hizo bila kujua kwamba mnunuzi mwenye mkono mnene atazihitaji. Kama karatasi zimepotea, baadhi ya watengenezaji wana njia ya kusaidia. Patek Philippe, kwa mfano, hutoa kwa malipo dondoo ya kumbukumbu zake inayoonyesha mwaka saa ilipotengenezwa. Kwa saa ya urithi, barua ya usimamizi wa mirathi inaweza kuonyesha kwamba anayeuza ana mamlaka ya kufanya hivyo.

Tatu, usiipige saa msasa wala kuing'arisha kabla ya kuuza. Hili huwashangaza wengi, kwani mtu anayeuza gari huliosha kwanza. Lakini wanunuzi wa saa za zamani hupenda umbo la awali. Kila inaponolewa, kingo za chuma hulika na thamani hupungua. Hali ni hiyo hiyo kwa uso wa saa: uliofifia lakini wa asili huweza kuwa na bei kuliko mpya uliobandikwa na fundi. Inatosha kuifuta kwa kitambaa laini. Kama ina kasoro, itaje tangu mwanzo. Kasoro iliyotajwa hupunguza bei kidogo, lakini ile inayogunduliwa na mnunuzi huvunja biashara.

Fahamu bei tatu

Saa moja huwa na bei tatu. Ipo bei ambayo mfanyabiashara wa saa atakulipa leo, ipo ambayo mtu binafsi atakulipa, na ipo ambayo mfanyabiashara ataiuzia dukani kwake. Ya kwanza ndiyo ndogo na ya tatu ndiyo kubwa. Tofauti kati yake si wizi. Ndiyo kodi ya pango, mshahara wa fundi, dhamana anayotoa kwa mteja na hatari ya kukaa na mzigo.

Makosa hutokea pale muuzaji anapoona bei iliyotangazwa na duka na kudhani ndiyo yake. Bei inayotangazwa ni matumaini tu. Inayofaa kutazamwa ni ile ambayo saa ya aina hiyo, ya mwaka unaokaribiana na yenye karatasi kama zake, imeuzwa kweli.

Vilevile, habari za minada mikubwa zisimpotoshe mtu. Ni kweli kwamba Oktoba 2017 saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Lakini kilichonunuliwa pale ni historia ya mwenye saa. Soko la kawaida hupanda na kushuka kama la mazao. Bei za saa nyingi zilizotumika zilipanda kupita kiasi hadi mapema mwaka 2022, kisha zikaporomoka, na walionunua kileleni wakitegemea faida waliumia.

Umuuzie nani?

Njia ya kwanza ni kumuuzia mfanyabiashara anayetambulika, mwenye duka na anayetoa risiti. Utapata bei ya chini, lakini utalipwa haraka. Njia ya pili ni kumwachia akuuzie kwa kamisheni. Hapa ni lazima kuwe na mkataba unaotaja namba ya saa, bei ya chini unayokubali, asilimia yake, muda wa kuuza na nani atabeba hasara saa ikiibiwa ikiwa kwake.

Njia ya tatu ni kumpata mnunuzi mwenyewe. Ndiyo yenye bei nzuri na ndiyo yenye hatari. Hatari hiyo hupungua pakiwapo mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote, ambaye huikagua saa na kushikilia fedha hadi mnunuzi aridhike. Wakulima wa korosho wa Mtwara walianza kuuona utaratibu unaofanana na huo katika msimu wa 2007/08, kupitia stakabadhi ghalani: ghala lilipokea mzigo, likathibitisha uzito na daraja, na mnunuzi akanunua bila kuzunguka vijijini. Kwa saa, kazi hiyo inaweza kufanywa na fundi anayeheshimika pamoja na wakili au benki.

Kwa vyovyote vile, tangazo lisitaje mtaa unaoishi wala lisionyeshe sebule yako. Katika picha, funika tarakimu chache za namba ya saa, kwani matapeli huichukua namba halisi na kuichonga kwenye saa ya bandia, au kuitumia kutangaza saa wasiyokuwa nayo. Usiseme kwamba unasafiri wiki ijayo au kwamba unadaiwa ada. Taarifa ya kwanza humpa mwizi ratiba, na ya pili humpa mnunuzi fimbo ya kukupunguzia bei.

Siku ya makabidhiano

Mahali panapofaa zaidi ni ndani ya benki yako, mchana, siku ya kazi. Nenda na mtu unayemwamini ambaye kazi yake ni kutazama tu. Mnunuzi akibadilisha mahali dakika ya mwisho, au akasema "bosi" yuko kwenye gari nje, ahirisha.

Mwache aikague saa mezani, mbele yako. Ipo mbinu ya zamani ya kubadilisha: mnunuzi huichukua saa, huitazama, huirudisha na kusema atafikiria, kumbe aliyoirudisha ni nyingine. Kwa hiyo itazame namba kila inaporudi mkononi mwako. Kama anataka ifunguliwe, iwe kwa fundi mliyekubaliana na wote mkiwapo.

Malipo ndiyo mtihani mkubwa. Ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia si fedha, kwani unaweza kutungwa na mtu yeyote. Karatasi ya benki yenye mhuri nayo hughushiwa. Hundi inaweza kurudi baada ya siku kadhaa wakati saa imeshavuka mpaka. Fedha taslimu zinaweza kuchanganywa na noti bandia, hivyo zihesabiwe na kukaguliwa na karani wa benki na kuwekwa kwenye akaunti papo hapo. Njia iliyo salama zaidi kwa kiasi kikubwa ni uhamisho wa benki kwa benki kupitia mfumo wa TISS wa Benki Kuu, ambao malipo yake yakishakamilika huwa ya mwisho. Kanuni ni moja: saa isiondoke mpaka wewe mwenyewe umeangalia salio na kuziona fedha.

Jihadhari na mnunuzi anayedai amelipa kupita kiasi na kuomba umrudishie chenji. Mara nyingi malipo yake ni hewa, na chenji yako ndiyo fedha pekee ya kweli katika biashara hiyo. Aidha, wale waliozoea kutaja bei ya saa kwa dola wakumbuke kwamba kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma ndani ya Tanzania.

Baada ya malipo, andikeni hati ya mauzo nakala mbili: majina kamili, namba za vitambulisho, aina na namba ya saa, bei, tarehe, saini za wote na shahidi. Mnunuzi anayekataa kuonyesha kitambulisho anakuambia jambo muhimu kuhusu yeye. Hati hiyo itakulinda kama siku moja saa itakutwa mahali pabaya na polisi wakafuata nyayo hadi kwako.

Hesabu ya mwisho

Je, tofauti ya bei inalipa usumbufu wote huo? Chukua mfano. Mfanyabiashara anatoa Sh 12 milioni leo, na mtu binafsi huenda akatoa Sh 15 milioni baada ya miezi miwili ya kutafuta. Tofauti ni Sh 3 milioni. Lakini kama fedha hizo ni za mbegu na mbolea za ekari ishirini za mahindi na mvua inaanza wiki tatu zijazo, kusubiri kunaweza kugharimu msimu mzima. Huyo achukue Sh 12 milioni na asijilaumu. Mwenye haja ya fedha Januari naye aanze kuuza Septemba, si Desemba, kama vile mkulima mwenye ghala asivyolazimika kuuza mahindi wakati wa mavuno ambapo kila mtu anauza.

Ongeza na hatari. Kama njia ya mnunuzi binafsi ina uwezekano wa mara moja kati ya tano wa kupoteza saa yote, thamani yake halisi kwa wastani si Sh 15 milioni bali ni Sh 12 milioni, sawasawa na ya dukani. Hatua zilizotajwa hapo juu, kuanzia namba na karatasi hadi meza ya benki na hati ya mauzo, zina kazi moja, nayo ni kuipunguza hatari hiyo mpaka Sh 3 milioni za nyongeza ziwe za kweli. Asiyeweza kuzitimiza ni afadhali aende dukani, kwani haraka haraka haina baraka, na katika biashara hii haraka ndiyo silaha kubwa ya tapeli.